Mhadhiri Asiachwe Peke Yake Ukumbini

Mada yangu leo ni wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu. Sitazungumzia mishahara yao wala madai yao ya muda mrefu, ingawa ni ya haki. Nataka nizungumzie kufundisha kwenyewe: kusimama mbele ya vijana kwa saa mbili, wakatoka wanajua jambo ambalo walipoingia hawakulijua. Nani anamsaidia mhadhiri kuifanya kazi hiyo vizuri? Mimi naona tumemwacha peke yake, na naona pia kwamba hakuna sababu ya kuendelea kumwacha.

Tuanzie chini, shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la kwanza hapa Tanzania haingii darasani hivi hivi. Amesoma chuo cha ualimu, amejifunza namna mtoto anavyofikiri, amekwenda mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Akishaajiriwa anatakiwa awe na azimio la kazi na andalio la somo, na mwalimu mkuu akivitaka ni lazima avione. Mdhibiti ubora wa shule naye anaweza kufika siku yoyote, akaketi dawati la mwisho, akasikiliza kipindi kizima, kisha wakazungumza. Hakuna anayeona ajabu. Ndivyo kazi ya ualimu ilivyo.

Sasa panda mpaka chuo kikuu. Kijana amemaliza shahada ya kwanza kwa GPA ya 3.8 au zaidi kati ya 5, na idara yake inamtaka abaki. Anaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Akipata shahada ya uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi. Akirudi na uzamivu anakuwa mhadhiri kamili, na wanafunzi wanamwita Dokta. Katika safari yote hiyo amepimwa mara nyingi sana kwa jinsi anavyolijua somo lake. Kama hakupitia kitivo cha elimu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyewahi kumpima kwa jinsi anavyolifundisha. Anapewa muhtasari wa somo, ratiba na jina la ukumbi. Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi mia nne wanamsubiri, wengine wameketi kwenye ngazi kwa sababu viti vimejaa.

Anafanya nini? Anafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: anafundisha alivyofundishwa. Anamkumbuka profesa mmoja aliyempenda, anamwiga. Lakini kukaa mbele ya walimu miaka kumi na tisa hakumfanyi mtu kuwa mwalimu, kama vile kukalia viti vizuri hakumfanyi mtu kuwa seremala.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba wahadhiri wetu ni wabovu. Wapo wanaofundisha vizuri mno, na wanafunzi wao wanawakumbuka mpaka uzeeni. Ninachosema ni kwamba wengi wa hao wamefika hapo kwa jitihada zao wenyewe, kwa kujaribu hiki na kile mbele ya wanafunzi, mwaka baada ya mwaka. Na wanafunzi waliopita mikononi mwao miaka ile ya mwanzo hawarudi tena kufundishwa upya.

Kijana yeyote aliye chuoni sasa atakusimulia matokeo ya kumwacha mhadhiri peke yake. Mhadhiri anasoma slaidi, wanafunzi wanazipiga picha kwa simu. Wiki mbili kabla ya mtihani kila mtu anatafuta madesa, zile noti za waliotangulia zinazouzwa kwenye steshenari jirani na geti. Pepa za miaka iliyopita nazo zinatafutwa, watu wanakesha, wanakariri, wanaandika, wanasahau. Aliyekosea kukariri anakutana na sapu, yaani mtihani wa marudio, na bahati ikiwa mbaya zaidi anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Tunapenda kusema vijana wa siku hizi hawataki kusoma. Mimi naona vijana wale wanasoma kwa namna ambayo mtihani na ufundishaji vimewaelekeza wasome. Ukitunga maswali yanayojibika kwa desa, usishangae desa likinunuliwa.

Na tusidhani ni tatizo la vyuo maskini. Kuna kisa cha mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, anayeitwa Eric Mazur, ambacho ningependa kila mhadhiri akijue. Mazur alianza kufundisha pale mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu, na mitihani yenye hesabu ngumu waliifaulu. Kisha akasoma makala za watafiti wa Arizona walioonyesha kwamba wanafunzi wa fizikia wanaweza kufaulu mitihani huku mawazo yao kuhusu nguvu na mwendo yamebaki yale yale waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mazur aliamini wanafunzi wake si wa namna hiyo. Mwaka 1990 akaamua kuwajaribu kwa maswali mepesi ya kimsingi, yasiyo na hesabu hata moja.

Mfano wa maswali ya aina hiyo ni huu, nawe ujaribu ukiwa hapo ulipo. Lori zito limegongana uso kwa uso na gari dogo. Wakati wa kugongana, lipi limelisukuma lenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Wengi wetu tutasema lori. Jibu sahihi ni kwamba nguvu zinalingana. Gari dogo linaharibika zaidi kwa kuwa ni jepesi, si kwa kuwa limesukumwa kwa nguvu kubwa kuliko lori. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, na pale ukumbini kila mtu aliweza kuitaja kwa moyo. Lakini mwanafunzi mmoja alimuuliza Mazur: nijibu kama ulivyotufundisha, au kama mimi mwenyewe ninavyofikiri? Swali hilo lilimwonyesha kwamba elimu aliyowapa ilikuwa imekaa kwenye daftari na haikuingia kichwani.

Akabadili namna yake. Alianza kueleza jambo moja kwa dakika chache, kisha anaweka swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mmoja anachagua kimya kimya. Halafu anawaambia: geuka kwa jirani aliyechagua tofauti na wewe, mshawishi. Ukumbi unajaa sauti. Baada ya dakika mbili tatu wanachagua tena, na mara nyingi jibu sahihi linapata watu wengi zaidi ya mwanzo, ingawa mwalimu hajasema neno. Sababu inaeleweka. Aliyeelewa jambo dakika tano zilizopita bado anakumbuka alikokuwa amekwama, kwa hiyo anajua kumvuta mwenzake. Profesa aliyelielewa miaka thelathini iliyopita ameshasahau hata kwamba lina ugumu.

Njia hiyo haihitaji mashine. Unaweza kukata manila ya rangi nne, ukampa kila mwanafunzi vipande vinne, nyekundu ni A, kijani ni B, na kuendelea. Mhadhiri akisema onyesheni, anaona ukumbi mzima kwa mara moja: nusu wamenielewa, nusu bado. Darasa la mia nne halizuii jambo hilo. Kwa kweli ndilo linalolihitaji zaidi.

Ushahidi umejaa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Pale ambapo mhadhiri alihutubia tu, karibu wanafunzi 34 kati ya 100 walifeli. Pale ambapo wanafunzi walipewa kazi ya kufikiri na kujadili humo humo darasani, waliofeli walikuwa kama 22. Fikiria mzazi aliyeuza shamba, au kijana anayesoma kwa mkopo atakaoulipa miaka mingi. Hao 12 wa tofauti wana majina na wana nyumba walikotoka.

Basi mtu atasema: wahadhiri waambiwe wawashirikishe wanafunzi, yaishe. Hapa ndipo tunapokosea, na tumekosea kwa muda mrefu. Kumwambia mtu abadilike si kumsaidia. Tunaijua ile warsha ya siku moja: ukumbi wa hoteli, bango ukutani, ufunguzi wa mgeni rasmi unaochukua saa nzima, chai, mada tatu, cheti na posho. Simlaumu anayeiandaa, maana mara nyingi bajeti yake inaishia hapo. Lakini mhadhiri anarudi idarani Jumatatu, anakuta ukumbi ule ule, muhtasari ule ule, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza: ulijaribu lile jambo? Liligoma wapi? Wiki ya tatu ameshalisahau.

Msaada unaofanya kazi ni wa muda mrefu na unafanyika karibu na darasa lake. Mwaka 2004 watafiti Graham Gibbs na Martin Coffey walichapisha utafiti uliohusisha vyuo vikuu 22 katika nchi 8. Wahadhiri waliopata mafunzo ya muda mrefu walibadilika kweli: walianza kuangalia mwanafunzi anajifunza nini kuliko kuangalia wao wamesema nini, na wanafunzi wao nao wakabadili namna ya kusoma. Wale wa kundi la kulinganisha, ambao hawakupata mafunzo, hawakusonga mbele, na kwa mambo mengine walirudi nyuma. Hilo la kurudi nyuma linanigusa sana. Mhadhiri mpya huja na ari, anataka kujaribu, lakini akikaa peke yake anamezwa na mazoea ya idara.

Tunao mfano wa karibu. Kati ya 2018 na 2021, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mzumbe hapa Tanzania, pamoja na Gulu na Uganda Martyrs kule Uganda, walifanya kazi pamoja katika mradi ulioitwa TESCEA, wakishirikiana na chama cha Kenya cha kuwaendeleza wahadhiri kiitwacho AFELT. Hawakuanza na mbinu za kuongea mbele ya watu. Walianza na somo lenyewe: walimu walikaa na masomo yao wakayaunda upya, na watu wa nje ya chuo, wakiwemo waajiri, wakaitwa kusema wanachokiona kwa wahitimu. Na baadhi ya waliopitia mafunzo hayo walipewa jukumu la kuwafundisha wenzao chuoni kwao.

Kuunda somo upya ndilo jambo la kwanza la msaada huo. Maana yake nini? Chukua somo la ukaguzi wa hesabu. Muhtasari wa kawaida unasema mwisho wa muhula mwanafunzi "ataelewa dhana na kanuni za ukaguzi". Ukimuuliza mhadhiri utajuaje kama ameelewa, atakuambia atajibu maswali ya mtihani. Sasa kaa naye, umuulize tena polepole: kijana huyu akiajiriwa mwakani, unataka aweze kufanya nini? Atafikiri, kisha atasema: nataka apewe vitabu vya SACCOS ya kijijini, aniambie fedha zimevujia wapi na ameliona hilo kwa ushahidi gani. Hapo somo zima linageuka. Mtihani utakuwa vitabu hivyo, vya kutungwa au vya kweli vilivyofutwa majina. Wiki ya nne watapewa risiti kumi zenye kasoro mbili wazitafute kwa vikundi. Mada nne zilizokuwa zinafundishwa kwa mazoea tu zinaondoka, na desa la mwaka jana linakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Mhadhiri ndiye aliyefanya kazi yote. Mwenzake aliuliza maswali tu na kumsikiliza. Lakini bila yule wa kumuuliza, muhtasari ungebaki ulivyo.

Kwenye chuo kikuu cha afya cha Muhimbili nako walipoleta mitaala inayotazama umahiri, mwaka 2011, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, ilibidi waandae na walimu wao wenyewe wa kuwasaidia walimu wengine. Mtaala mpya ukiwa mikononi mwa mtu asiyesaidiwa hufundishwa kwa namna ya zamani.

Jambo la pili ni macho ya mwenzako. Namaanisha mhadhiri mwingine, wa cheo chochote, anayekuja kwa makubaliano. Mnakutana siku moja kabla, unamwambia: nitazamie ninapouliza maswali, sijui kwa nini wananyamaza. Anakaa nyuma na daftari, anaandika saa na tukio, bila hukumu. Saa mbili na dakika kumi na mbili, ameuliza swali. Amesubiri sekunde moja. Amejibu mwenyewe. Saa mbili na dakika ishirini, ameuliza tena, amesubiri sekunde mbili, amemtaja yule yule wa mstari wa mbele. Mkikaa baadaye na karatasi ile, hakuna haja ya kukukosoa, unajiona mwenyewe. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wa shule za Marekani walikuwa wakisubiri jibu kwa wastani wa sekunde moja hivi, na wakijizoeza kusubiri tatu, majibu yanarefuka na watoto waliokuwa kimya wanaanza kusema. Sekunde tatu, msikilizaji. Hazigharimu chochote, lakini hakuna anayeweza kujihesabia akiwa katikati ya kufundisha.

Kwetu sekunde hizo zina uzito wa ziada. Mwanafunzi wetu anaulizwa kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kiswahili, anatafsiri jibu, anaogopa kuchekwa kwa sarufi, na kabla hajainua mkono mhadhiri ameshaendelea. Nenda pale Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, usikilize vijana wanavyobishana na mwalimu. Sera ya lugha ni mjadala mkubwa na leo siufungui wote. Lakini kumruhusu mwanafunzi ajadiliane na jirani yake kwa lugha anayoiweza, kisha atoe jibu kwa Kiingereza, ni jambo ambalo mhadhiri anaweza kulianza kesho.

La tatu ni kuwasikiliza wanafunzi kabla mambo hayajaharibika. Fomu za tathmini tunazo, na zinajazwa mwisho wa muhula, wakati wanaojaza hawawezi tena kufaidika. Kuna utaratibu mzuri zaidi, ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, miaka ya 1970. Wiki ya sita au ya saba mhadhiri anatoka ukumbini kwa nusu saa, anaingia mwenzake. Wanafunzi wanakaa vikundi na kujibu: kitu gani hapa kinakusaidia kujifunza, kipi kinakukwamisha, tubadili nini? Vikundi vinasoma majibu, yanayokubaliwa na wengi yanaandikwa, na mhadhiri anapewa faraghani. Mkuu wa idara hayaoni, wala hayaingii kwenye faili la kupandishwa cheo. Siri hiyo ndiyo inayomfanya mtu akubali kusikia. Na mara nyingi anayoyasikia yanarekebishika: maandishi ya slaidi ni madogo, spika ya nyuma haifanyi kazi, mazoezi yanarudishwa baada ya mtihani.

Sasa nije kwenye kizuizi kikubwa, na hapa nazungumza na wenye mamlaka. Mhadhiri hapandi cheo kwa kufundisha vizuri. Uzito mkubwa uko kwenye machapisho: makala ngapi, jarida gani, pointi ngapi. Akitumia miezi mitatu kuunda somo upya, miezi hiyo imekatwa kwenye makala. Kenya nayo, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake mwaka 2014, mjadala mkubwa ukawa juu ya sharti la uzamivu kwa wahadhiri. Uzamivu ni jambo jema, lakini unamwandaa mtu kutafiti. Haumwandai kusimama mbele ya watu mia nne. Uingereza, tangu kamati ya Sir Ron Dearing ilipopendekeza mwaka 1997 kwamba wahadhiri wafunzwe kufundisha, mafunzo ya wahadhiri wapya yamekuwa jambo la kawaida. Norwe, tangu 2019, anayetaka uprofesa lazima aonyeshe ushahidi wa uwezo wake wa kufundisha, pamoja na utafiti wake. Yanawezekana.

Hapa kwetu fedha zimekuja kwa kiasi ambacho hatukukizoea. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, ni wa dola milioni 425. Majengo yanajengwa, maabara zinanunuliwa, mitaala inapitiwa, walimu wanasomeshwa. Nafurahi. Ombi langu ni kwamba kila chuo kitakachobaki na jengo jipya kibaki pia na watu wachache walioajiriwa kwa kazi moja: kukaa na wahadhiri, kuingia nao madarasani, kuwasaidia kuunda masomo, na wasivunjwe mradi ukiisha. Mkufunzi msaidizi mpya apewe mzigo mdogo wa vipindi mwaka wa kwanza na mwenzake mzoefu wa kumlea. Tume ya Vyuo Vikuu iweke kwenye vigezo vya kupanda cheo nafasi ya kweli kwa mtu aliyeonyesha, kwa ushahidi, kwamba wanafunzi wake wanajifunza.

Nawe mhadhiri unayenisikiliza, usisubiri waraka. Muhula ujao mwalike mwenzako mmoja akae ukumbini kwako kwa saa moja, nawe uende kwake wiki inayofuata. Kisha nendeni wote wawili kwa mkuu wa idara, mumwombe saa hizo aziandike kwenye mzigo wenu wa kazi.